Memwari za kunakili na mama wa biblioteke: nani anafundisha wanafunzi wetu kutafuta?

Kila mwaka, wakati wa kutetea kazi ukikaribia, biblioteke za inivasite na za masomo ya juu katika miji yetu zinajaa. Miezi mingine ni kimya, vumbi na viti vitupu. Kisha ghafla wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaingia mbio, wanaandika jina katika daftari la mlangoni, wanaacha karte ya mwanafunzi mezani, na karibu wote wanauliza jambo moja: "Mama, niko natafuta TFC ya kufanana na yangu."

Ndugu msomaji, sikiliza vizuri ombi hilo. Hakuuliza kitabu. Hakuuliza nani alishachunguza shida anayoichunguza, ao walipata nini. Anatafuta kazi ya mwenzake kusudi apate mfano, na mara nyingi ule mfano unageuka kuwa kazi yenyewe. Anabadilisha jina la teritware, anabadilisha mwaka, anaweka jina la direktere wake, basi.

Sisemi hivyo kwa kuhukumu watoto wa watu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Sura ya kwanza ya kazi yangu ya mwisho ilitoka karibu yote katika kazi ya mtu mwingine niliyoikuta rafuni, hata makosa yake ya maandishi niliyabeba. Juri haikuona kitu, nikapata alama nzuri, mama akachinja kuku. Miaka mingi kisha, nikitayarisha kipindi juu ya maji ya kunywa, nilifungua kazi ile nikitafuta chanzo cha namba moja niliyoiandika. Nilikuta nimetaja kitabu ambacho sikuwahi kukishika mkononi, na ukurasa ambao sijui kama unaishi. Namba ile sikuweza kuitumia hewani. Nilikuwa nimeisoma miaka mitano bila kujifunza namna ya kujua kama neno ni la kweli.

Kwa nini tunaleta habari hii sasa? Kwa sababu masomo ya juu katika inchi yetu yamebadilika. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 ilifungua njia ya mfumo wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Serikali iliamuru mfumo huo uingie katika inivasite zote. Ile gradua ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili tuliyoizoea inaondoka. Sasa ni lisansi ya miaka mitatu yenye kredi 180, kisha masta ya miaka miwili yenye kredi 120, kisha doktora.

Wazazi wengi wamesikia tu hesabu ya miaka na hesabu ya minervali. Lakini iko jambo lingine ndani yake. Kredi haihesabu tu masaa ya mwalimu mbele ya ubao. Inahesabu pia masaa ambayo mwanafunzi anatumika peke yake: kusoma, kutafuta, kuandika. Ni kusema imeandikwa kabisa katika karatasi kwamba sehemu ya somo inafanyika inje ya auditware. Wapi sasa? Nyumbani ambako umeme unakuja usiku wa manane? Kwenye siberi, ambako kila dakika ni franka? Mahali palipopangwa kwa kazi hiyo ni biblioteke, na mtu aliyepangwa kuonyesha njia ni bibliotekeri. Na katika mazungumzo yote juu ya LMD tuliyopokea katika studio yetu, sikumbuki hata siku moja ambayo mtu alimtaja.

Kwa watu wengi bibliotekeri ni mutu ya funguo. Anafungua saa mbili, anafunga saa kumi, anakataza kelele, anahesabu vitabu visiibiwe. Katika shule nyingi anahesabiwa katika PATO, pamoja na watu wa ofisi na wa ufundi, si pamoja na wanaofundisha. Wengine waliwekwa pale kama vile mtu anavyowekwa kando. Lakini wale wanaojua kazi yao wanafanya jambo ambalo wala profesere, kwa wingi wa wanafunzi alio nao, hapati nafasi ya kulifanya: wanakaa na mwanafunzi mmoja, uso kwa uso, na kumfundisha kuuliza.

Niliona hivyo asubuhi moja katika biblioteke moja ya Bukavu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu mama anayetumika pale hapendi kelele ya aina yoyote. Kijana wa agronomia aliingia na ombi lile lile.

— Mama, niko natafuta TFC ya kufanana na yangu.

— Yako njo inasema juu ya nini, mwanangu?

— Juu ya ndizi. Ugonjwa ya ndizi.

— Ndizi ya wapi?

— Ya Kalehe.

— Ugonjwa gani? Ndizi iko na magonjwa mingi.

— Ile inakausha majani, mama. Ile ya wilti.

— Sawa. Na wewe unataka kujua nini juu yake? Namna inaingia mu shamba, ao namna watu wanaipiganisha, ao pesa gani inapotea mu nyumba?

Kijana akanyamaza. Halafu akasema kwamba direktere wake alimpa kichwa tu, hawakusemezana zaidi. Mama akavuta kiti, akamwambia akae.

Hapo ndipo kazi ya utafiti ilipoanza, na ilianza bila kitabu hata kimoja kufunguliwa. Kichwa cha habari kama "Ugonjwa wa ndizi katika Kalehe" hakitafutiki, kwa sababu hakina swali. Kwa muda wa kama robo saa walizunguka mpaka wakafika hapa: je, wakulima wa grupema fulani wanang'oa shina zima, ao wanakata mgomba mmoja tu uliougua, na kwa nini wanachagua hivyo? Swali kama hilo mtu anaweza kulipeleka shambani. Anaweza pia kulipeleka kwenye mashine.

Kisha yakaja maneno. Mama alichukua kipande cha karatasi na kuandika majina ya ugonjwa. Kwetu wengi wanasema wilti. Wanaosema Kinyarwanda wanaita kirabiranya. Wataalamu wanaandika BXW. Bakteria inayouleta iliitwa kwa miaka mingi Xanthomonas campestris pv. musacearum. Lakini mwaka 2020 watafiti waliihamisha katika jamaa nyingine, na sasa jina lake ni Xanthomonas vasicola pv. musacearum. Mtu anayetafuta kwa jina la zamani peke yake atakosa kazi mpya. Anayetafuta kwa jina jipya peke yake atakosa kazi zote za mbele. Na anayetafuta kwa Kifaransa tu atapata kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi juu ya ugonjwa huu imeandikwa kwa Kiingereza, hata zile zilizofanywa hapa Kivu. Nani angemwambia kijana hayo? Kazi ya rafuni aliyotaka kunakili ilikuwa na jina moja tu, lile la zamani.

Tuendelee na huu mgomba kidogo, sababu hapa ndipo jambo linaacha kuwa la shule na kuwa la watu wote. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Etiopia mwaka 1968, kwenye mmea wa ensete ambao ni ndugu ya mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka ule ule upande wetu, katika Masisi. Kutoka hapo ulishuka na kupanda milima ya Kivu zote mbili. Unaenea kwa wadudu wanaotembelea ule moyo mwekundu unaoning'inia chini ya mkungu, kwa panga lililokata mgomba mgonjwa na kuingia katika mgomba mzima, na kwa machipukizi ambayo jirani anampa jirani. Miaka ya kwanza, shauri lililotolewa kwa mkulima lilikuwa kali: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shina lote pamoja na machipukizi yake. Mtu aliyekwisha kung'oa shina la mgomba anajua jasho lake. Mama wajane walikataa, wazee walikataa, na ugonjwa ukaendelea.

Baadaye, katika miaka ya 2010, watafiti waliotumika katika eneo letu la Maziwa Makubwa walionyesha kwamba ile bakteria haifiki katika kila chipukizi la shina moja. Kwa hiyo mkulima anaweza kukata ule mgomba mmoja unaoonyesha dalili, karibu na udongo, mapema, na kurudi kila mara kuangalia, huku akisafisha panga kwa moto ao kwa dawa ya Jik na kuvunja ule moyo mwekundu kwa kijiti. Ni kazi nyepesi zaidi, mkulima anabaki na migomba mingine ya kula, na mashamba mengi yalirudi kuzaa.

Sasa fikiri. TFC iliyokuwa rafuni, iliyoandikwa mbele ya kazi hizo, ilimaliza kwa kupendekeza kung'oa shina zima. Kama kijana wetu angeinakili, angetetea, angepata alama zake, kisha siku moja angeajiriwa na shirika fulani na kutumwa Kalehe kuwaambia wakulima wang'oe. Hakuna ambaye angesema uongo. Kila mmoja angekuwa amenakili tu kwa mwenzake. Ukitaka kujua biblioteke inasaidia nini mwanainchi ambaye hajaingia ndani yake hata siku moja, jibu liko pale, katika tofauti ya shina moja na mgomba mmoja.

Mama alimwonyesha pia namna mbili za kufuata kazi kama vile mtu anafuata nyayo. Ya kwanza ni kurudi nyuma: unachukua makala moja nzuri, unasoma orodha ya mwisho, unaona mwandishi alitegemea nani. Ya pili ni kwenda mbele. Katika Google Scholar, chini ya kila kichwa, iko namba inayoonyesha ni kazi ngapi zilitaja ile kazi kisha kutoka. Ukibonyeza pale, zinakuja zote. Kwa kufuata nyayo za mbele ndipo mtu anagundua kwamba shauri la zamani lilibadilishwa. Ni jambo la dakika tano, na wengi wanamaliza inivasite bila kulijua.

Iko habari nyingine ambayo wanafunzi, na niseme wazi, hata waalimu wengi, hawaijui. Makala nyingi za sayansi zimefungwa kwa malipo. Unabonyeza, wanakuomba dola thelathini ama zaidi kwa makala moja. Mwanafunzi anaona bei ile, anafunga simu, anarudi kwenye rafu ya TFC. Lakini kwa shule na hospitali za Congo mlango ule unaweza kufunguliwa bure. Mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji wakubwa waliweka mpango unaoitwa Research4Life. Ndani yake iko Hinari ya mambo ya afya, iliyoanzishwa 2002 chini ya OMS. AGORA ya kilimo, ya mwaka 2003, chini ya FAO. OARE ya mazingira. ARDI ya ufundi. Na GOALI ya sheria, iliyokuja 2018. Inchi zimegawanywa katika makundi mawili, na Congo iko katika kundi A, ambalo halilipi kitu.

Mbona basi hatutumii? Sababu mlango haufunguliwi kwa mtu mmoja mmoja. Ni shule, ao hospitali, ao kituo cha utafiti, ao shirika lisilotafuta faida, ndilo linaandikishwa na kupewa jina na neno la siri. Lazima mtu ajaze fomu, kiongozi aweke sahihi, kisha mtu mmoja alinde lile neno la siri na kuwafundisha wengine. Mtu huyo, karibu kila mahali, ni bibliotekeri. Pale ambapo yuko macho, mwanafunzi wa ISTM anasoma juu ya kolera makala ile ile ambayo daktari wa Brussels anasoma. Pale ambapo alikufa, alihama, ao kompyuta yake iliharibika na neno la siri likapotea pamoja nayo, mlango umefungwa na hakuna anayejua kwamba uliwahi kufunguka. Tena neno hilo halitupwi katika kikundi cha WhatsApp. Wachapishaji wakiona linatumika na watu wa inje, wanaweza kulikata kwa shule nzima.

Na si Research4Life peke yake. Mwanafunzi wa historia anaweza kupata bure kwenye Persée majarida ya Kifaransa ya zamani. Musée ya Tervuren, kule Ubelgiji, imeweka wazi kwenye mtandao vitabu vyake vingi juu ya inchi yetu. AJOL, yenye makao Afrika ya Kusini, inakusanya tangu 1998 majarida yanayochapishwa katika Afrika yenyewe, na mengi unayashusha bila kulipa. Shida ya mwanafunzi wetu leo si uchache tu wa vitabu, ingawa vitabu ni vichache kweli. Amesimama mbele ya soko kubwa usiku, bila taa.

Kuhusu waalimu, tuseme haraka lakini tuseme. Asistenti anayetaka kupanda kuwa shefu wa kazi, na shefu wa kazi anayetaka kuwa profesere, wanaombwa makala zilizochapishwa. Kutokana na haja hiyo kumezaliwa biashara. Wanapokea barua za mtandao zenye sifa nyingi, "Profesere mpendwa, tuletee makala yako, itatoka kisha siku tano, lipa dola mia mbili." Makala inatoka kweli, lakini hakuna aliyeisoma, na jarida lenyewe linaweza kuwa chumba kimoja tu mahali fulani. Bibliotekeri anayejua kazi anaweza kumwambia mwalimu, kwa heshima na pembeni, kwamba aangalie kwanza kama jarida liko katika orodha ya DOAJ, kama majina ya watu wa komite ni ya watu wanaoishi, kama makala za zamani zina maana. Nasema pembeni, kwa sababu kwetu si rahisi mutu wa PATO kumkosoa profesere. Heshima hiyo ya vyeo imegharimu waalimu wengine pesa na jina.

Tangu siku ambapo ChatGPT na ndugu zake waliingia katika simu za wanafunzi, kazi ya bibliotekeri imeongezeka upande mwingine. Zamani alitafuta vitabu vilivyopotea. Sasa anatafuta vitabu ambavyo havijaandikwa kamwe. Mashine inaweza kumpa mwanafunzi orodha nzuri ya vyanzo kumi: jina la mwandishi, mwaka, jarida, ukurasa, vyote vimepangwa vizuri kuliko vile mtu angepanga. Unatafuta, unakuta vinne vipo na sita havipo. Mwandishi anaweza kuwa mtu wa kweli, jarida likawa la kweli, lakini ile makala haikuandikwa na mtu yeyote. Mashine haisemi uongo kwa ubaya. Inaunganisha maneno yanayofanana na ukweli. Mimi sisemi isitumike. Mama wa biblioteke mwenyewe anaitumia kutafuta maneno ya Kiingereza. Lakini ana kanuni yake: kila chanzo kinaangaliwa mara mbili, kwanza kwa kichwa kizima katika Google Scholar, kisha kwa namba ya DOI kama iko. Kisichopatikana kinafutwa, hata kama direktere hatakiona. Na kile kilichopatikana lazima kifunguliwe. Hapo nilijikumbuka mwenyewe na kitabu changu cha maji.

Kuna mali moja ambayo hakuna mashine inayo, nayo iko katika rafu zile zile nilizoziponda mwanzoni. TFC na memwari zetu za miaka hamsini zina habari ambazo haziko mahali pengine popote: bei ya mihogo katika soko la Uvira mwaka fulani, majina ya visima vya kata fulani, mazungumzo na wazee waliokwisha kufa. Tusikose kuzitumia kwa sababu watu wanazinakili. Hapa Bukavu, ISP ina CERUKI na jarida lake, Cahiers du CERUKI. Kule Lwiro, katika Kabare, kituo cha utafiti kilichoanza 1947 kwa jina la IRSAC kina biblioteke ambayo wageni wanavuka bahari kuja kuiona, wakati wanafunzi wengi wa hapa karibu hawajaifikia. Bibliotekeri anayepanga TFC kwa mahali na kwa jambo, pasipo kuzipanga tu kwa jina la promosheni, anamfundisha mwanafunzi kuzitumia vile zinapaswa: kama ushahidi wa wakati wake, wa kulinganisha na wa leo, na wa kutaja jina la aliyetumika.

Najua kuna watakaosoma hapa na kucheka. Biblioteke gani, na umeme gani? Wana haki. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na mishahara ya Serikali iliyokuwa inapita katika benki ikawa safari ndefu ya kutafutia inje ya muji. Mwanafunzi anayekosa pesa ya chakula hatanunua mega za kusoma juu ya ndizi. Bibliotekeri asiyelipwa, ukimkuta mlangoni saa mbili, mshukuru Mungu na umshukuru yeye.

Lakini katika hali hiyo hiyo nimeona vitu vidogo vinavyofanyika bila mradi na bila mzungu. Mama yule anashusha makala usiku, wakati mega ni za bei ndogo, anaziweka katika fulashi moja kwa kila fakilte, na asubuhi wanafunzi wanazihamisha kwenye simu bila kutumia intaneti. Ameweka pia programu ya Zotero, ambayo ni ya bure, katika kompyuta moja inayobaki nzima, kusudi mwanafunzi apange vyanzo vyake tangu siku ya kwanza asije kuvitunga usiku wa mwisho. Kila siku ya tano, saa nane, anapokea wanafunzi sita tu. Sita, sababu viti vizuri ni sita.

Kinachomkosea ni nafasi katika ratiba. Somo la namna ya kufanya utafiti wanafunzi wanalo, ni kweli, na wanaandika tafsiri za maneno katika daftari: metodi ni nini, tekniki ni nini, ipoteze ni nini. Wengi wanalipita kwa alama nzuri bila kuingia katika biblioteke. Mwalimu wa somo hilo akitoa masaa mawili tu, aseme leo tunahamia kule chini kwa mama, kila mmoja aje na swali lake, ingegharimu inivasite franka ngapi? Na mzazi anayeuza vitenge Kadutu ao samaki Kituku kusudi mtoto atetee, mara nyingine analipa bila kujua kwa mtu wa sekretaria anayeandika memwari za watu kwa bei iliyobandikwa ukutani. Mzazi huyo naye ana haki ya kuuliza nyumbani: mwanangu, biblioteke yenu inafungua siku gani?

Kijana wa ndizi nilimwona tena kisha wiki tatu. Alikuwa na makala saba katika simu, mbili kati yake hakuzielewa bado, na alikuwa amebadilisha swali tena, sababu wakulima wa Kalehe walimwambia jambo ambalo hakulikuta katika makala yoyote: kwamba wanakata mgomba mmoja, ndiyo, lakini panga ni la kuazima, linazunguka katika nyumba nne. Direktere wake alikuwa amekubali.

Ile TFC ya zamani iko bado rafuni. Mama hakuiondoa. Ameingiza ndani, kwenye ukurasa wa mapendekezo, kikaratasi cheupe chenye majina mawili ya bakteria, la zamani na jipya, na chini yake maneno haya kwa kalamu ya bluu: "Angalia pia kazi za kisha 2012. Uliza kwenye meza."